Kidole Gumba cha Mbega

Sura hii ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Naapa kwa wembe wangu, ulionilisha miaka yote niliyonyoa watu Kericho, na kama wembe hautoshi, naapa kwa jogoo wangu mwekundu, yule anayewika nyuma ya kibanda cha chai cha Bilhah hapa Sosiot. Atakayepata uongo humu ndani, hata mmoja, aje amchukue jogoo. Habari yenyewe nilipewa na Koplo Obiero, mpelelezi wa polisi, akiwa kwenye kiti changu. Mtu mwenye wembe shingoni hapotezi muda kudanganya.

Mwaka ulikuwa 1932, upande wa juu wa mashamba ya chai, pale msitu ulipokuwa ukirudishwa nyuma kila msimu kama nywele za mzee.

Uvundo ulimpokea Koplo Obiero kabla ya mtu yeyote kumsalimia. Aliegemeza baiskeli kwenye gogo, akajifunga leso puani, akasonga mbele. Maksai watatu walikuwa wamelala kando ya njia ya kuvutia magogo, matumbo yamefura mpaka miguu imesimama hewani. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na ziwa la uchafu mweusi. Inzi walikuwa wengi hivi kwamba mizoga ilionekana kama inapumua. Tumbusi wawili walikuwa wamelala pale pale, mabawa wazi, wamekufa wakiwa kazini.

"Wewe nachelewa," alisema meneja wa shamba. Watu walimwita Bwana Miwani, kwa sababu alivaa miwani moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. "Kazi kwisha. Mimi nashika yeye tayari."

Alionyesha kwa fimbo. Mzee mmoja wa Kipsigis alikuwa amefungwa kwa kamba ya ngozi kwenye gurudumu la mkokoteni. Jina lake arap Maritim. Boma lake lilikuwa ukingoni mwa shamba, na maneno ya kwamba lihamishwe yalikuwa yameshaanza zamani.

"Yeye natia sumu," aliendelea Bwana Miwani. "Natia kwa maji. Ng'ombe yangu nakufa. Watu yangu kule laini naumwa tumbo, mingi sana! Mtu mmoja akikufa, hii mzee nanyongwa. Hata asipokufa, ng'ombe yake yote nachukuliwa, boma nachomwa. Jumatatu yeye Kericho, kwa Disii, mkubwa ya wilaya. Wewe andika tu."

Obiero hakuandika. Alichuchumaa kwa maksai wa kwanza, akaanza kupitisha vidole kwenye manyoya, kutoka shingoni mpaka mkiani, upande mmoja, kisha akaomba watu wamgeuze. Watu walitazamana. Wawili walikuja wakiwa wamebana pua, na mzoga ulipogeuka ulitoa mlio ambao mimi sitauandika, kwa heshima ya wanaosoma wakila.

Hakukuwa na tundu. Hakukuwa na mkwaruzo. Wa pili vile vile. Wa tatu alikuwa amekatwa paja zima na ubavu, lakini kwa kisu, na baada ya kufa.

Obiero alichomoa kifungu cha manyoya mekundu akakitia mfukoni, akanawa mikono kwa majivu, akamwendea mzee.

"Chamgei, mzee."

"Chamgei. Wewe mtu wa ziwa umefika mbali."

"Nimetumwa. Wanasema ulitishia ng'ombe wa bwana."

"Sikutishia ng'ombe. Ng'ombe wamenikosea nini? Nilimtishia mwenyewe."

"Kwa maneno gani?"

"Nilimwambia, umeua nyuki zangu, na wako watakufa vivyo hivyo. Nilisema mchana, watu wote wakisikia. Mizinga yangu ilikuwa kwa mti ule ule ambao babu yangu alikuwa akiukwea kuweka yake. Wakaangusha mti, mizinga ikiwa juu. Asali ikamwagika njiani, magurudumu yakapita juu yake. Nyuki zikazunguka hapo mpaka mvua ikaziua. Wewe ungesema nini? Ungesema asante?"

Obiero aliinua podo lililokuwa limewekwa chini kama ushahidi. "Na hii sumu ya mishale?"

"Ni ya mishale."

"Inaua ng'ombe?"

"Inaua hata koplo, ikiingia kwa damu. Umeona tundu?"

"Sijaona."

"Basi rudi kwenu."

"Na ng'ombe akiinywa kwa maji?"

Mzee alicheka bila furaha. "Sisi tunakula nyama ya mnyama tuliyempiga nayo. Tunakata kipande kidogo pale mshale ulipoingia, tunatupa, tunakula nyingine yote. Kama tumbo lingekuwa linakufa kwa hiyo, ungenikuta hapa?"

"Wewe sikia uongo yake!" Bwana Miwani alidakia. "Watu ya laini naumwa kwa nini, kama si maji?"

Swali lilikuwa zuri, hata kama aliyeliuliza hakuwa mzuri. Obiero akachukua baiskeli yake akateremka laini, yaani zile safu za nyumba za vibarua.

Laini nzima ilikuwa imejikunja ikishika tumbo. Wanaume walikuwa wamechuchumaa nyuma ya nyumba bila haya, wengine wamelala mlangoni. Ndoo zilikuwa zimejaa vitu ambavyo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuvimwaga. Katikati ya yote hayo mwanamke mmoja alikuwa akitwanga wimbi, akiimba kwa nguvu, mzima kama kengele. Aliitwa Bochaberi, kutoka Kisii.

"Mama, unachota maji wapi?" Obiero alimuuliza.

"Pale pale wanapochota wote, afande. Mto ni mmoja."

"Umeyanywa?"

"Nimeyanywa, nimepikia, nimeogea."

"Mbona wewe mzima?"

"Mimi ni Msabato."

"Usabato unazuia kuumwa tumbo?"

"Unazuia nyamafu," alisema Bochaberi, na mchi haukusimama. "Zunguka utazame. Nyumba za Wasabato, wote ni wazima. Hawa wengine walikula ng'ombe aliyejifia. Niliwaambia. Wakaniambia nijifunge kitambaa nikaombe."

"Waliipata kwa nani, hiyo nyama?"

Hapo mchi ulisimama. Bochaberi hakutaja mtu, lakini alitazama nyumba ya mwisho, yenye mlango wa mbao, ya Ombati, nyapara wa wakata miti.

Obiero alimkuta Ombati ameketi kitandani, koti la unyapara limefungwa mpaka kooni, uso umekuwa rangi ya jivu. Chini ya kitanda palikuwa na ubavu wa ng'ombe umefunikwa gunia, na gunia lilikuwa linatembea kwa funza.

"Umeuza nyama ya maksai wa bwana."

"Nimewagawia watu, afande."

"Kwa bei."

"Kwa bei kidogo."

"Sasa sikiliza vile mimi naona. Wewe ndiye unalala karibu na maksai. Wewe ndiye unajua wanakula nini. Maksai akifa, wewe unapata nyama ya kuuza, na mzee wa asali anabeba lawama. Hiyo hesabu sio mbaya. Simama."

Ombati alisimama, akashika ukuta, akatapika pale pale miguuni pa serikali.

"Afande," alisema alipopata pumzi, "mimi nilikula ini lote. Peke yangu! Mtu anaweza kutia sumu, halafu akajitengea ini?"

Obiero alirudi nyuma hatua moja kuokoa viatu vyake. Kwa kweli ile hesabu ilikuwa imekufa. Lakini kitu kingine kilimshika pua. Pumzi ya Ombati ilinuka, na haikuwa harufu ya matapishi peke yake.

"Umekula saumu?"

"Nini?"

"Kitunguu saumu."

"Hiyo si ni ya Wahindi wa Kericho? Mimi sijawahi kuiweka kinywani."

Obiero alitoka, akainama kwa mgonjwa wa kwanza, akamwambia apumue. Saumu. Wa pili, saumu. Laini nzima haikuwa na punje moja ya saumu, lakini watu walikuwa wanapumua kama jiko la Mhindi. Na hapo akakumbuka ndama mmoja wa kwao, karibu na ziwa, aliyekunywa maji ya josho, ile dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe wafe. Alikuwa amefura hivyo hivyo, amehara weusi hivyo hivyo, na kinywa chake kilinuka hivyo hivyo.

"Ombati," aliita, "hapa kuna josho?"

"Hakuna, afande. Liko shamba la chini, mbali."

"Maksai wakifunguliwa nira wanakwenda wapi?"

"Kule juu, kwa miti iliyokauka."

"Kuna nyasi huko?"

"Hakuna hata moja. Lakini ukiwafungua tu wanakimbia. Wanapapenda kabisa. Hata wanyama wa msituni wanapapenda."

"Vaa viatu. Unanipeleka."

Walipanda, Ombati akisimama kila mara kushika tumbo. Msitu uliishia ghafla. Mbele yao palikuwa na miti mikubwa, mia na mia, imesimama wima na imekufa. Kila shina lilikuwa limechunwa gome mviringo mzima, kimo cha kiuno, kama mtu aliyekatwa shingo akaambiwa aendelee kusimama. Majani yalikuwa yameanguka yote. Hakukuwa na ndege. Hakukuwa na chiriku, hakukuwa na kware, hakukuwa hata na mlio.

"Mnachuna, halafu?"

"Tunapaka dawa, afande. Brashi na debe. Mti unakunywa mwenyewe, unakauka. Kazi rahisi kuliko shoka."

Kwenye kila jeraha la mti palikuwa na ukoko mweupe kama chumvi iliyokaukia kwenye sufuria.

Chini ya miti ndipo Obiero alipotoa leso yake akaona haina kazi tena. Mbega walikuwa wametapakaa kila mahali. Wengine walikuwa wamekauka, wengine walikuwa bado wana joto. Yale manyoya yao meupe marefu, ambayo wazee walikuwa wakivaa siku za sherehe, yalikuwa yamelowa uchafu, yamegandamana. Mmoja alikufa amekumbatia shina, ulimi nje umegusa mti. Mwingine alikuwa na mtoto kifuani, na mtoto alikuwa bado ananyonya. Palikuwa na pongo jike na tumbo lililokuwa na mzigo ndani. Palikuwa na fisi, ambaye bila shaka alikuja akidhani ana bahati.

"Hawa wamekufa tangu lini?"

"Tangu tuanze hii sehemu."

"Na hukumwambia bwana?"

"Nilimwambia. Akasema ni nyani tu."

Obiero alivua kofia, si kwa heshima, bali ili aitumie kujipepea. Kisha akaanza kazi. Alikwenda kwenye shina lililokuwa karibu na njia ya maksai. Ukoko mweupe ulikuwa umekwisha upande mmoja, mti umelambwa mpaka unang'aa. Kwenye ufa wa gome palikuwa na manyoya mekundu. Alichomoa, akalinganisha na yale aliyobeba kutoka kwa mzoga. Ng'ombe ni yule yule. Chini kidogo palikuwa na mlambo mwembamba na manyoya ya pongo. Juu ya ukingo wa gome palikuwa na mikwaruzo ya kucha.

Akakata kibanzi cha ule ukoko, akawasha moto wa vijiti, akakiweka juu ya kaa.

Moshi ulipanda mweupe. Ombati alivuta pumzi mara moja, akakimbia kutapika nyuma ya mti.

"Ni hiyo, afande! Ni hiyo harufu!"

"Dawa ya josho na dawa ya miti ni mama mmoja," Obiero alisema, akatema mate. "Sasa niambie, kabla ya hii, wanyama walikuwa wanalamba chumvi wapi? Usiniambie hawakuwa na mahali. Huwezi kuwa na mifugo mingi hivi bila mahali."

Ombati alinyoosha mkono kuteremka. Karibu na kijito palikuwa na ng'enda, uwanja wa udongo wa chumvi, mahali Wakipsigis walipokuwa wakileta ng'ombe wao tangu zamani, na wanyama wa msituni wakija kwa upande wao. Hapakuwa na ugomvi. Kila mtu alijua saa yake. Sasa palikuwa pamezungushiwa seng'enge nyuzi tano, na ndani yake miche ya chai ilikuwa imepangwa kwa safu chini ya kivuli cha majani ya gugu, mizuri kabisa, inamwagiliwa asubuhi na jioni.

Obiero alifuata kwato chini, macho hayatoki udongoni. Njia za kwato, za ng'ombe na za pongo, zilifika kwenye seng'enge, zikaizunguka, zikaizunguka tena. Halafu zikapanda moja kwa moja kwenye miti yenye ukoko mweupe.

Hakuna mtu aliyemwekea mnyama sumu. Mnyama alifungiwa chumvi yake, akatafuta nyingine, akaipata.

Basi, walipokuwa wakirudi, Obiero akajikwaa kwa debe la dawa lililosahauliwa chini ya mti, brashi ingali ndani. Bwana Miwani angesema madebe yote yako stoo, na kwamba hakuna mnyama aliyeyasogelea. Kwa hiyo mpelelezi akafanya kile ambacho hakuna mpelelezi mwingine wa nchi hii amewahi kufanya. Alikusanya masizi ya moto wake, akayapuliza juu ya debe, na alama mbili za vidole gumba zikajitokeza, safi kama za kwenye kipande, kile cheti ambacho kila kibarua alitembea nacho enzi hizo. Moja aliilinganisha na ile iliyopigwa kwenye kipande cha Ombati, ikawa yake. Ya pili ilikuwa ndogo, nyembamba, na mistari yake haikuwa ya binadamu. Obiero akainua mkono wa mbega aliyekuwa karibu, akaupaka masizi, akaubonyeza kwenye karatasi. Kidole gumba kilikuwa kile kile.

Bwana Miwani alikuwa mezani kwenye veranda alipowekewa debe mbele yake, pamoja na kibanzi cha gome, manyoya na karatasi.

"Hii nini? Dawa yangu iko stoo. Kufuli!"

"Hii ilikuwa msituni, bwana. Hiki ni kidole cha nyapara wako. Na hiki ni cha shahidi wangu wa pili."

"Nani?"

"Mbega, bwana. Hakuja mwenyewe kwa sababu amekufa."

Bwana Miwani alishusha ile miwani ya paji, akatazama kwa miwani mbili. Akatazama tena. Uso wake ukawa mwekundu, kisha mweupe, na mwishowe akapiga meza.

"Fungua hii mzee."

Arap Maritim akafunguliwa. Alisugua mikono pale kamba ilipomla, hakusema asante kwa mtu.

"Ombati!" Bwana Miwani aliita. "Kesho weka waya kwa hii miti yote. Ng'ombe yangu asipite. Wewe nasikia?"

"Na ng'enda, bwana?" Obiero aliuliza. "Ukifungua ile seng'enge ya chini, hawatapanda."

"Wewe wazimu? Pale iko chai."

"Na hawa wengine? Mbega, pongo?"

"Hiyo si ng'ombe yangu. Miti nakwisha, nyani nakwisha. Nyani nachuma chai?" Akacheka peke yake. "Koplo, wewe kazi mzuri. Lete yeye chai!"

Kikombe kikaletwa, cha udongo mweupe, chenye maziwa. Arap Maritim, aliyekuwa ameshafika kwenye ngazi, aligeuka.

"Koplo, wewe mtu wa polisi. Hiyo seng'enge watakayoweka, itazuia mnyama anayepita juu?"

Obiero alitazama kikombe, akatazama zile safu za kijani zilizoteremka mpaka macho yakachoka, akakimwaga kwenye majani mbele ya mwenye nacho. Kisha akapanda baiskeli akashuka Kericho, na leso akaitupa njiani.

Hapo sura yangu iliishia, na nilikuwa nimeipenda sana. Jumamosi nikaipeleka kwa Bilhah niwasomee watu, kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa. Kibanda kilijaa. Walibana pua nilipotaka wabane pua. Pale kwenye kidole gumba wakapiga meza mpaka vikombe vikaruka.

Mtu mmoja tu hakupiga. Tabutany, mjukuu wa arap Maritim, mama mzima sasa mwenye wajukuu wake.

"Baba, soma tena hapo kwa kidole."

Nikasoma tena, na nikaongeza sauti.

Akainuka, akaenda kwake ng'ambo ya barabara. Aliporudi alikuwa amebeba joho la babu yake la sherehe, ngozi za mbega zilizoshonwa pamoja, manyoya yamekuwa manjano kwa moshi na miaka. Watu wakasogea. Wengi walikuwa hawajawahi kumwona mbega, hata mfu. Walipitisha mikono kwenye manyoya kama watu wanaogusa mgeni.

Kwenye pembe moja mshonaji alikuwa ameacha mkono uning'inie, kama pambo. Tabutany akauweka mezani mbele yangu, akaukunjua.

"Hesabu, baba."

Vidole vinne. Mahali pa gumba palikuwa na kinundu, basi.

"Huyu alikatwa," nikasema haraka. "Labda kwa mtego."

Akageuza joho, akatoa mkono wa pembe ya pili. Vinne.

"Mbega hana kidole gumba," alisema Tabutany. "Hajawahi kuwa nacho. Babu alituambia yule koplo alichoma gome kwa meza ya mzungu mpaka nyumba ikanuka, mzungu akafunguka roho kwa kuogopa ataitwa mwenyewe kwa Disii. Ni moshi tu. Hakukuwa na debe wala masizi."

"Na mengine yote?" mtu aliuliza.

"Mengine ni vile alivyosema. Mbega wale walikufa. Msitu ule ni hapo unapochuma chai, ukitaka kwenda kuona."

"Moshi hauna raha kwa kitabu," nilijitetea.

"Jogoo ana raha kwa sufuria," alisema Bilhah, na alikuwa tayari ameweka maji motoni.

Kibanda chote kilinisindikiza nyuma. Mwekundu alinipa kazi, alinikimbiza mara mbili kuzunguka pipa la maji, watu wakimshangilia yeye. Nilipomleta amebanwa kwapani, Bilhah alinyoosha mkono, si kwa jogoo.

"Wembe pia, mzee. Uliapa kwa vyote viwili. Basi hicho kimoja kimalize kingine."

Nikautoa mfukoni, nikauinua kwenye mwanga kuona kama bado una makali. Ulikuwa nayo.